Safia wa Tumbaku Alizaliwa Hapa

Na si hiyo tu! Ati sasa mwanamke wa miaka arobaini na saba alete mtu aliyekuwa karibu siku anazaliwa. Nani hukaa mlangoni mwanamke akizaa, ameshika kalamu anaandika majina? Hao wenyewe wa kamati, ukiwauliza nani aliwaona wakitoka tumboni, watakuonyesha nani? Mama zao walizikwa, wakunga walizikwa, na hakuna mtu anawasumbua. Anasumbuliwa mwenye kufunga mtandio. Anasumbuliwa Safia.

Hayo ndiyo Safia alikuwa anasema ile Jumatatu asubuhi, huku anapasua majani ya tumbaku kwa vidole kama mtu anapasua barua ya matusi. Tuseme alikuwa anaambia ukuta, maana ndani ya duka kulikuwa na Mzee Kipyego wa Kaptagat peke yake, na Mzee Kipyego akiwa na kiko mdomoni ni ukuta mwingine. Anatoa moshi, hajibu.

"Mzee, unanisikia?"

"Nakusikia. Kiko haijaisha."

Safia akanyamaza. Alikuwa amevunja sheria ya duka lake mwenyewe. Kwa hiyo duka, kiko cha kwanza ni cha bure, cha kujaribu, na mpaka kiishe hakuna maneno mazito. Huulizi bei, hudai, huleti habari ya matanga. Babake Safia, marehemu Ahmed, ndiye aliweka hiyo sheria wakati wa Makaburu, wale wazungu wa mashamba, kwa sababu alisema mtu akivuta na hasira haonji tumbaku, anaonja hasira yake tu, halafu anaenda kusema tumbaku ya Ahmed ni chungu.

Kama hujui duka lenyewe, ni rahisi. Enda nyuma ya soko la Eldoret, pita msikiti, kabla hujafika kwa fundi wa baiskeli pua yako itakupeleka. Mlango mmoja, rangi ya kijani imebabuka. Ndani kuna benchi moja, picha ya Rais ukutani kama kila duka, na masanduku matatu ya mbao ya mtarakwa. Kila sanduku lina tumbaku yake, imechanganywa pale pale, na huipati kwingine hata ukienda Nairobi na ndege.

Ya kwanza inaitwa Yamumbi. Ni tamu, imenyunyiziwa asali ya kutoka bonde la Kerio, na imepewa hilo jina kwa sababu ya nyanya fulani wa Yamumbi aliyekataa kuvuta kitu kinamkwaruza koo. Ya pili ni Kaptagat, ya wazee wa msituni. Hiyo inalala kwa sanduku miezi minne mpaka inachukua harufu ya mti, ukivuta unasikia kama umekaa karibu na moto wa mtu mwingine. Ya tatu ni Cheptiret. Hiyo ni ya madereva wa lori wanaotoka Nakuru, na hakuna dereva amewahi kusinzia akiwa nayo mdomoni. Hata ukitaka kusinzia, macho yenyewe yanakataa.

Na Safia hajawahi kuvuta. Hata mara moja. Anachukua jani ambalo Nanzala, mama anayemuuzia, anamletea na basi kutoka Malakisi, analifinya karibu na sikio, analisikiliza. Likilia kwa sauti, limekauka sana. Likinyamaza, limelowa. Linatakiwa linong'one. Halafu ananusa, anapima kwa kiganja, anachanganya. Hakuna karatasi imeandikwa, hakuna mizani. Alifundishwa na babake akiwa msichana mdogo, wakati mama yake alikuwa anapiga kelele kwamba hii si kazi ya msichana, na babake anamjibu, "Pua haina msichana wala mvulana."

Sasa hiyo duka ndiyo inataka kufungwa.

Ni hivi. Huu mwaka wa themanini na tisa ikatangazwa kwamba kila Msomali aende kukaguliwa na kamati, aonyeshe yeye ni wa Kenya kweli, apewe kadi. Mtu hana kadi, leseni ya duka hapati. Na asipopata, hakuna mtu anasema wazi anapelekwa wapi, lakini watu walikuwa wanasema lori. Wanasema mpakani. Safia, mtu ambaye safari yake ya mbali ni Nakuru kutibiwa jino, apandishwe lori ya kwenda kwa mpaka hajui hata uko upande gani.

Kiko cha Mzee Kipyego kikaisha. Akagonga jivu kwa kisigino cha kiatu. "Haya, sasa sema," akasema.

"Nimemaliza kusema, Mzee. Hasira imepoa."

"Usidanganye. Hiyo yako haipoi."

Jioni hiyo hiyo, jua bado liko, Ismail akaja. Huyo ni ndugu yake Safia, mdogo wake kwa miaka minne, mwenye lori ya kubeba mahindi. Alishuka anatabasamu mpaka ufizi. Akatoa kadi kwa mfuko wa shati, imewekwa kwa nailoni, akaiweka juu ya meza kama mtu anaweka turufu.

"Abaayo, dada yangu, angalia. Nimepata."

Safia akaisoma. Akaisoma tena. "Imesema umezaliwa Wajir."

"Ndiyo."

"Ulizaliwa Wajir lini?"

"Juzi," Ismail akasema, akacheka. "Nimezaliwa juzi, saa tano asubuhi, kwa meza ya karani. Bila uchungu, bila mkunga. Hata sikulia."

Safia hakucheka. "Ismail. Aabo, baba yetu, amezikwa wapi?"

"Hapa."

"Na mama?"

"Si unajua ni hapa."

"Na kondo lako lilifukiwa wapi? Si nyuma ya huu ukuta? Si mimi nilishikilia taa?"

"Abaayo, kadi ni kadi. Kondo haipiti kizuizi cha polisi. Mimi niko na lori, niko na watoto sita. Wajir kule wana orodha ya koo, jina linapita kama maji. Ukisema Eldoret wanakuangalia kama umesema umezaliwa mbinguni. Sema Wajir, upate, ufungue duka, maisha iendelee. Nani ataumia?"

Safia akachukua ile kadi, akamrudishia, akamfungia kifungo cha mfuko na mkono wake mwenyewe.

"Hujaelewa hiyo kadi," akasema. "Leo unasema wewe ni wa Wajir, wanakupa. Kesho mtu mwingine atakaa kwa hiyo kiti, atasoma, atasema, kumbe huyu ni wa Wajir! Sasa anafanya nini na plot ya Eldoret? Arudi kwao. Umejiandikia mwenyewe mahali pa kurudishwa, na umeweka kwa nailoni isilowe."

Ismail akakasirika. Akasema Safia ana kichwa kama cha babake. Safia akasema asante. Ismail akapanda lori, akaondoka bila kunywa chai. Tangu azaliwe hajawahi kutoka hapo bila chai.

Jumanne saa nne asubuhi mlango ukajaa kijana. Suruali imepigwa pasi mpaka mstari unaweza kukata mkate, kalamu tatu kwa mfuko wa shati, faili kwapani. Anaitwa Jackson, karani wa ile kamati. Ameleta barua ya kumwita Safia Alhamisi, na ametumwa aangalie kama kweli kuna duka ama ni hadithi.

"Mama, nimetoka kamati. Nina maswali kidogo."

"Keti," Safia akasema. "Umekula nini asubuhi?"

"Nimekuja kazi, Mama."

"Hata mimi niko kazini. Umekula nini?"

Mzee Kipyego, yuko kwa kona yake ya benchi, akageuza uso upande wa ukuta ili asionekane anacheka. Maana hilo ndilo swali la kwanza la hiyo duka, na halina mzaha. Safia hampi mtu tumbaku kabla hajajua tumbo lake lina nini. Aliyekunywa maziwa lala na kula ugali anaweza kupewa chochote. Aliyekunywa chai kavu anapewa Yamumbi, kidogo, na anaambiwa arudi akishakula. Watu wote wanajua. Hata wale walevi wa soko, watu wanadanganya mke na kasisi, kwa hilo swali wanasema ukweli.

Lakini Jackson ni mgeni, na tena ni mtu mkubwa wa kalamu tatu. Mshahara ulikuwa umeisha tangu tarehe kumi na nane. Asubuhi hiyo alikuwa amekunywa chai ya rangi, nusu kikombe, bila sukari. Sasa atasemaje hivyo mbele ya mama wa duka na mzee?

"Nimekula ugali na nyama," akasema. "Na maziwa. Nyama nyingi."

Safia akamwangalia mashavu, akamwangalia shingo ndani ya kola. Lakini neno la mteja ni neno la mteja. Akachukua kiko cha wageni, akakipangusa na kitambaa cha maji moto, akakijaza Yamumbi, akashindilia na kidole gumba, akampa na kiberiti.

Jackson akavuta mara tano. "Hii ni ya akina mama," akasema. "Hii ni kama kulamba mzinga wa nyuki."

"Basi gonga hilo jivu." Akampa Kaptagat.

Hapo Jackson akaegemea ukuta. Macho yakatulia. Akasema inamkumbusha jiko la nyanya yake, kule nyumbani, wakati wa mvua. Mzee Kipyego akaitikia kwa kichwa, maana hiyo ni tumbaku yake, na mtu akisifu tumbaku yako ni kama amesifu ng'ombe wako. Kama Jackson angeishia hapo, siku ingekuwa nzuri. Lakini unajua kijana akishaonekana anaweza.

"Na ile kali iko wapi? Ile ya madereva?"

"Hiyo ni Cheptiret," Safia akasema. "Nakuuliza tena. Umekula?"

"Mama, si nimekuambia? Nyama!"

Akapewa. Na alivyopewa, akaivuta kama sigara. Akameza moshi wote mpaka chini. Kiko hakivutwi hivyo, moshi unakaa mdomoni, unauonja, unautoa. Mzee Kipyego akafungua mdomo amwonye, lakini akakumbuka sheria, kiko cha kujaribu hakina maneno mazito, akaufunga.

Mara ya kwanza Jackson akasema, "Ee." Mara ya pili hakusema kitu. Mara ya tatu jasho likamtoka juu ya mdomo wa juu, rangi ikamhama usoni, kalamu moja ikaanguka, faili likaanguka, halafu yeye mwenyewe akafuata faili. Kikwikwi kikampanda kila baada ya sekunde mbili. Mzee Kipyego akamshika miguu, Safia akamshika mabega, wakamlaza kwa benchi kama gunia.

"Ugali na nyama!" Mzee Kipyego akasema, sasa anacheka mpaka machozi. "Kijana wangu, hiyo nyama uliikula mwaka gani?"

Safia akamletea chai ya maziwa na sukari vijiko vinne, na mandazi mawili yaliyobaki. Jackson akala akiwa amelala. Rangi ikarudi polepole. Alipoweza kuongea, aibu ilikuwa imemlainisha, na moyo wake si mbaya.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "umenitunza kama mtoto wako. Wacha nami nikusaidie. Hapo kwa fomu, mahali pa kuzaliwa, nitaandika Wajir. Niandike sasa hivi. Alhamisi utaingia, utaweka kidole, utatoka. Hakuna mtu atakuuliza kitu."

Safia akainama akaokota ile kalamu yake iliyoanguka, akamwekea mfukoni.

"Kijana, wewe umedanganya habari ya chai tu," akasema, "na angalia mahali umelala. Sasa unataka mimi nidanganye habari ya kuzaliwa? Mimi nitalala wapi?"

Jackson akaketi, akaokota faili. Alikuwa na kikwikwi.

"Andika Eldoret. Na uandike vizuri, mtu asiseme hakuona."

Jackson akaandika.

Alhamisi ikafika. Kamati ilikuwa inakaa kwa ghala la zamani la mahindi karibu na stesheni. Watu wamepanga laini tangu alfajiri, wazee wenye ndevu nyekundu za hina, kina mama na watoto mgongoni, matajiri wa jana wamesimama kama watoto wa shule wamechelewa. Safia aliingia saa sita. Mzee Kipyego alikuwa nyuma yake. Alikuwa ametoka Kaptagat giza halijaisha, amevaa koti lake la sherehe.

Mwenyekiti wa kamati ni mtu mnene, ana fimbo, na hiyo fimbo haimsaidii kutembea. Jackson alikuwa kando yake na mafaili.

"Jina?"

"Safia binti Ahmed."

"Umezaliwa wapi?"

"Hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa Eldoret. Sisibo, kama wazee wanavyoita."

Mwenyekiti akaangalia wenzake, akacheka. "Msomali wa Sisibo! Tangu lini?"

"Tangu mwaka wa arobaini na mbili. Na wewe, mzee, ulikuja Eldoret mwaka gani?"

Laini nzima ikageuza vichwa. Hata mama aliyekuwa anabembeleza mtoto huko nyuma akageuka.

"Hapa mimi ndiye nauliza," mwenyekiti akasema. "Karani, soma ile nyingine."

Jackson akafungua faili lingine. Hakumwangalia Safia. Akasoma kwa sauti, na masikio yake yamekuwa mekundu: Ismail Ahmed, dereva, baba Ahmed, mama yule yule wa Safia, amezaliwa Wajir.

"Baba mmoja, mama mmoja," mwenyekiti akasema. Akaegemea nyuma, kiti kikalia. "Ndugu yako anasema kwenu ni Wajir. Wewe unasema Eldoret. Mmoja wenu ni mwongo. Ni nani?"

Sasa hapo ndipo utajua mtu. Safia angesema neno moja tu, Ismail, na angekuwa amesema ukweli. Na Ismail angenyang'anywa kadi mchana huo, pengine na lori, pengine na yeye mwenyewe achukuliwe. Watoto sita. Safia akakaza fundo la mtandio.

"Mimi nimeulizwa yangu," akasema. "Yangu nimejibu. Ya Ismail muulizeni Ismail."

"Kwa hivyo hutaki kusema?"

"Nimesema. Nimezaliwa hapa. Ukiniuliza mpaka jioni nitasema hivyo, na ukiniweka kwa hiyo lori nitasema hivyo nikiwa ndani ya lori."

Mwenyekiti akagonga fimbo chini. Akaanza kusema kitu, lakini Mzee Kipyego alikuwa amesimama. Hakuitwa. Alisimama tu, na mtu wa miaka yake akisimama hakuna anayemwambia keti.

"Huyu alizaliwa hapa," akasema. "Mimi nilikuwa."

"Ulikuwa ndani, mzee?"

"Nje. Nilikuwa nje nagonga mlango." Akavua kofia. "Nilikuwa kijana, nafanya kazi kwa shamba la Kaburu kule Kaptagat. Akanituma tumbaku kwa Ahmed. Nikatembea, asubuhi mpaka saa nane. Nikafika, duka imefungwa! Ahmed hakuwa anafunga duka, isipokuwa Ijumaa ya kuswali, na hiyo ilikuwa Jumanne. Nikagonga. Nikagonga kama mtu amefukuzwa na nyoka. Nikasikia mwanamke analia huko ndani, halafu nikasikia mtoto. Ahmed akatoa kichwa kwa dirisha, akaniambia, leo hakuna tumbaku, leo kuna msichana."

Watu wakaanza kucheka chini chini.

"Msicheke! Nilirudi mikono mitupu. Yule Kaburu hakutaka kujua habari ya msichana. Alinichapa, akanikatia posho ya wiki nzima. Wiki nzima nilikula mboga ya msituni kama mbuzi. Na kila nikilala na njaa nilikuwa nasema, huyo msichana wa Ahmed, huyo msichana!" Akamwonyesha Safia kwa kofia. "Nilimchukia kabla sijamwona sura. Sasa wewe unafikiri naweza kusahau alizaliwa wapi?"

Ghala zima likapasuka. Hata wale wazee wenye ndevu nyekundu walishikana mabega. Hata mmoja wa wanakamati alificha mdomo kwa leso.

"Mzee, una karatasi ya kuonyesha hayo?" mwenyekiti akauliza.

"Karatasi ya nini? Ya kuchapwa? Nitoe shati?"

Mwenyekiti hakutaka atoe shati. Wakainamiana na wenzake, wakanong'ona kitambo. Halafu akasema, haya, shahidi mmoja ameandikwa, lakini mmoja hatoshi. Wanatakiwa watatu. Wasiwe jamaa. Wawe wa hapa, wenye vitambulisho, na wamjue huyu ama babake tangu zamani. Waje Alhamisi inayofuata. Wasipokuja, faili linafungwa, na leseni ya duka inaisha na hilo faili.

Basi Safia akaanza kuzunguka. Akaenda kwa Okello, aliyekuwa mtu wa reli, miaka ishirini anavuta Cheptiret, alikuwa anacheza bao na marehemu Ahmed pale mlangoni. Okello akamkaribisha, akampa kiti, akaangalia chini.

"Mama Safia, unajua kijana wangu amepata kazi ya serikali mwezi uliopita."

"Nimesikia. Hongera."

"Sasa unaona."

"Naona, Okello. Naona vizuri kabisa."

Akaenda Yamumbi, kwa yule nyanya mwenyewe wa tumbaku tamu. Yeye alikubali hata kabla hajamaliza kuulizwa, akaomba fimbo yake. Lakini miguu imevimba, hajatoka kitandani tangu Juni, na kamati imesema haiendi kwa mtu, mtu ndiye anaenda kwa kamati. Akarudi mjini. Akaenda kwa mwalimu mstaafu, akaambiwa amesafiri, na viatu vyake viko mlangoni.

Jumamosi Ismail akaja. Hakuja na lori, alikuja na miguu. Akasimama mlangoni, nusu ndani nusu nje.

"Uliwaambia nilidanganya?"

"Sikuwaambia kitu."

Akaingia, akaketi kwa benchi, akashika kichwa. Halafu akasema, "Abaayo, nipe kiko. Ile kali."

"Umekula nini?"

"Sijakula tangu Alhamisi."

"Basi hakuna tumbaku hapa," Safia akasema. "Kuna chai. Kunywa, ule, urudi kwa watoto wako. Na usiende kule ghalani kufanya ushujaa. Wewe ni jamaa, hawatakuhesabu, na mimi sitaki kadi iliyonunuliwa kwa kadi yako."

Ismail akanywa. Vikombe vitatu.

Jumatatu duka likafunguliwa kama kawaida. Watu wakaja, wakapewa kiko cha kujaribu, wakanunua za kubeba. Na kila mmoja akitoka alikuwa anasema, "Pole, Mama Safia. Pole sana. Mungu yuko." Pole, pole, pole, mchana kutwa. Mpaka mmoja, mnunuzi mkubwa wa tumbaku ya Kaptagat, mzee ana kitambulisho chake mfukoni na kinaonekana kabisa, alipofika mlangoni akageuka aseme pole, Safia akamkatiza.

"Pole haina sahihi, mzee. Pole haijazi fomu."

Yule mzee akashika kofia, akaenda haraka haraka.

Sasa hii habari ni ya nyinyi. Mko wengi hapa mjini, na huko Kaptagat, na Cheptiret, mlionunua kwa Ahmed mkiwa vijana, na baba zenu walinunua kwa Ahmed. Mnajua. Mkisema hamjui, mnadanganya, na matumbo yenu yanajua. Mzee mmoja wa miaka sabini ameshaenda akasimama bila kuitwa. Wanatakiwa wawili tu. Si mia. Wawili. Ni Alhamisi, saa mbili asubuhi, ghala la zamani la mahindi karibu na stesheni. Beba kitambulisho. Usitume mtoto, usitume salamu, usitume pole. Simama mwenyewe mbele ya ile fimbo, useme Safia alizaliwa hapa. Enda.